Kuku Kwenye Sanduku la Marietha

Jumatatu, 4 Agosti 1975. Kilimatinde.
Mkaguzi wa Ustawi wa Jamii anakuja Alhamisi kuchagua mkuu wa mafunzo. Wakufunzi tupo wawili tu, mimi na Gaspari. Cheo ni changu! Gaspari anawatembeza wanachuo juani, nyumba kwa nyumba, wapime shida za watu. Mimi nitawapa kisa kwenye karatasi, wapime wakiwa wamekaa. Bwana X, mume mvivu kupindukia. Kila mtu atajua ni Gaspari!

Jumanne, 5 Agosti.
Kumbe ya nyumbani kwa Gaspari siyajui. Nimejaziajazia. Bwana X hana banda. Kuku kaatamia ndani ya sanduku la mkewe, juu ya khanga mpya. Mke kakasirika, kaenda kwao Manyoni, wiki ya tatu sasa. Bwana X anadanganya watu eti kaenda kusalimia. (Marietha wangu kaenda kusalimia kweli.) Wanachuo nimewaambia wasiamini karatasi tu, wahakiki. Maneno mazito hayo!

Jumatano, 6 Agosti.
Darasa tupu. Yustina, kiongozi wao, kaacha ujumbe kwamba wameenda kuhakiki. Wapi? Mtu mwenyewe nimemtunga!

Alhamisi, 7 Agosti.
Mama yangu wee! Walikwenda kwa Mzee Alute, balozi wetu wa nyumba kumi. Wakamsomea kisa. Walipofika kwenye kuku, mzee akachukua fimbo yake. Leo kawaleta wote mlangoni kwangu, na Mkaguzi nyuma yao! Nikasema shikamoo. Yustina akaomba, kwa adabu kabisa, kuliona sanduku. Kuku akajibu mwenyewe kutoka chumbani.

Kisha Yustina akasoma tathmini: mhitaji anazijua vizuri shida za nyumba yake, ila anadhani ni za jirani. Mkaguzi akasema hajaona wanachuo waliofundwa hivi. Nikajiona mkuu tayari! Akauliza nani aliwafundisha kuanzia kwa balozi. Wote wakasema ni Mwalimu Gaspari. Nimekwisha!

Jumapili, 10 Agosti.
Banda limesimama. Wamejenga wanachuo, mimi nimeshika misumari. Marietha karudi, kalikagua banda kwanza, ndipo akanisalimia. Gaspari ndiye mkuu. Kanishukuru mbele za watu kwa kuitoa nyumba yangu iwe darasa. Unafiki huo!

Nimeandika kisa kipya: Bwana Y, mkufunzi mwenye wivu. Ni Gaspari huyohuyo. Safari hii hakuna atakayekosea mlango. Kuku nimemgeuza bata.