Viti Themanini na Vinne Vinavyotazama Mlango

"Wanavigeuza!" Mama Tiketi alimpiga Spana mgongoni kwa gazeti kabla hata hajakaa. "Manispaa imeagiza viti vyote vya ukumbi wetu wa maigizo vigeuzwe kabla mwezi haujaisha!"

Tulikuwa kwenye benchi letu nje ya ukumbi, kahawa mkononi. Spana, fundi wa magari, alicheka hadi ikamwagikia suruali.

"Si afadhali? Ukumbi gani duniani watazamaji wanakodolea macho mlango wa kuingilia?"

Mzee Randa, seremala, akainamisha kichwa. Viti vile ni kazi ya mikono yake, miaka thelathini na moja iliyopita. Alivikaza sakafuni huku ramani ameishika kichwa chini miguu juu. Kuving'oa kungevipasua, kwa hiyo waigizaji wakaamua kulihamishia jukwaa mlangoni. Tangu hapo, anayechelewa anaingia katikati ya mchezo.

"Ndiyo maana watu wetu wanawahi!" Mama Tiketi akafoka. "Nionyeshe harusi inayoanza kwa saa kama sisi."

"Mama, kilichowauma ni mkurugenzi wao," Spana akasema. "Juzi si alichelewa? Kaingia na tumbo lake na walinzi wawili, wakati ule ule mchezo unamsubiri fisadi aingie. Ukumbi mzima ukashangilia!"

"Na akapunga mkono!"

"Akapunga! Mke wa fisadi akamuuliza barabara imeishia wapi, naye akaanza kujitetea. Aliigiza vizuri kuliko wote!"

Nikaona wakati wangu umefika. Nikatoa barua yangu ya kurasa sita, kuhusu ukumbi kama moyo wa mji.

"Msomi," Spana akaniambia, "hizo watafungia karanga."

"Mwacheni kijana," Mzee Randa akasema taratibu. "Mikono hii sasa hata kigoda hainipi. Wakivipasua vile viti, nitabaki na nini cha kuonyesha?"

Spana akaacha kujifuta suruali.

Mzee akachomoa bahasha mfukoni. "Na mimi wameniandikia. Nisomee, mjukuu wangu. Tangu ile ramani, macho yangu siyaamini."

Nikasoma: "Fundi aliyehusika ahakikishe viti vyote vinaelekea jukwaani, kisha atujibu kwa maandishi."

"Rudia hapo."

"Vinaelekea jukwaani."

"Jukwaa liko wapi?"

"Mlangoni, mzee."

"Na viti vyangu vinaelekea wapi?"

Mama Tiketi akaweka kikombe chini polepole.

Nikageuza ukurasa wangu wa sita, nikaandika nyuma yake: *Kazi imekamilika.* Mzee Randa akaichukua kalamu, akakagua kwanza kama karatasi imekaa sawa, akatia sahihi.

"Wakitaka kuhakiki je?" Spana akauliza.

"Aje mkurugenzi mwenyewe, Jumamosi," Mama Tiketi akajibu, akiinuka kwenda kufungua dirisha lake la tiketi. "Ila mwambieni asiwahi."