Wageni Watarajiwa wa Kituo cha Kalisto

Napenda kuutangazia umma wa Kalisto, na wa miezi yote inayoizunguka Mshtarii, kwamba tatizo la wageni limekwisha. Sisemi limepungua, limekwisha. Mimi Stratoklis, Naibu Mkurugenzi wa Mapokezi, nilikuwepo tangu mwanzo, na nikisema nilikuwa uti wa mgongo wa zoezi zima sijisifu, naripoti tu.

Desturi kila mtoto wa hapa anaijua: mgeni haulizwi jina mpaka ale. Aliyeiweka ni mungu Zeu, anayekaa huko chini kwenye mawingu ya Mshtarii, na radi zake hazikosei. Mtangulizi wangu, Bwana Lisandros, alikuwa mtu wa haraka. Alimuuliza mama mmoja jina kabla hajapewa hata maji. Majivu yake yamo kwenye kopo la kahawa juu ya kabati langu la mafaili, na kila mwaka tunalipangusa vumbi na kutia saini.

Ndipo Gavana wetu, Mheshimiwa Kleandro, alipotoa Waraka Namba Tisa: hakuna atakayepewa chakula cha serikali kabla ya kusajiliwa jina, awe nani awe nani. Wapo wenye midomo waliodai kwamba desturi na waraka vinagongana. Havigongani hata kidogo. Hatukuuliza jina, desturi ikaheshimiwa. Hatukutoa chakula, waraka ukaheshimiwa. Watu tukawakalisha kwenye mabenchi tukawaita Wageni Watarajiwa, na mtu ambaye bado hajawa mgeni hawezi kulalamika kwamba hakukaribishwa. Siku ya kumi, ambaye hajasajiliwa anarudishwa alikotoka.

Safari hii walikuwa kumi na wawili, wote wa Io, kule kwenye volkano. Kijiji chao kilikuwa kimefunikwa na lava ya moto, lakini waraka unasema arudishwe alikotoka, hausemi kwamba lazima pawe bado papo. Aliyewaongoza ni Bibi Melito, mwanamke wa miaka sabini na ushee, mwenye kapu la mikate ya shayiri, zeituni na jibini la mbuzi. Walikuwa wakila humohumo ukumbini. Tuliketi kikao cha muda wa saa tatu tukaamua kwamba kula chako mwenyewe si kukaribishwa.

Siku ya tisa akaja dirishani kwangu.

"Mwanangu, kesho mnatupakia kweli?"

"Mnasafirishwa kwa heshima, mama."

"Kule hakuna pa kukanyaga. Hawa wajukuu wataungua."

"Kuungua ni idara nyingine."

Karani wangu Praksi, binti asiyejua kunyamaza, akaguna. "Bosi, hivi wewe una roho, au una mhuri tu?"

Nikamwandikia onyo.

Mchana huohuo mlango wa anga ukafunguka, akaingia Gavana mwenyewe, peke yake. Alikuwa anatoka Europa kuzindua barafu, ambayo imekuwepo huko tangu zamani. Njiani dhoruba ya mionzi ilikiharibu chombo chake, walinzi wakabaki kukitengeneza, na pete yake ya utambulisho ikaungua. Mlango wa ndani ukamkataa.

"Fungua," akasema.

"Karibu benchi, ndugu mtarajiwa."

"Stratoklis, acha upuuzi. Unajua mimi ni nani?"

"Hilo swali siruhusiwi kuliuliza, wala si adabu kukujibia."

Akanyoosha kidole kwenye picha yake ukutani. Mimi na Praksi tukalinganisha kwa makini. Ile ya ukutani ilikuwa na shingo.

"Basi andika jina langu, yaishe."

"Jina hupokelewa likiulizwa, na mtu huulizwa akishakula. Chakula nacho hatutoi kabla ya jina. Waraka umekaa vizuri sana, sijui aliuandika nani."

Akakaa. Saa sita zilipopita tumbo lake likawa linanguruma mpaka watoto wanacheka. Bibi Melito akakata mkate.

"Baba, sogea ule. Ukianguka hapo tutakubeba sisi."

Alikula vipande vitatu, akamaliza zeituni, akalamba jibini kwenye vidole. Bibi akampangusa ndevu kwa upindo wa shuka lake.

"Haya mwanangu, unaitwa nani?"

"Kleandro. Gavana wa Kalisto."

Nikagonga mhuri hapohapo. Ameulizwa, na ameulizwa baada ya kula. Sijawahi kuona usajili safi kama ule.

Gavana akasimama, akajikung'uta makombo. "Fungua mlango. Na hawa wapakiwe sasa hivi, wasingoje kesho."

Mmoja wa wajukuu akaanza kulia. Bibi Melito alikuwa anafunga kapu lake.

"Mheshimiwa, taratibu," Praksi akasema. "Huyo ni mwenyeji wako."

"Mwenyeji gani? Hili ni jengo la serikali."

"Umekula kwake, ukamtajia jina. Zeu hasomi hati za majengo."

Taa zikapepesa. Hakuna aliyeniuliza, lakini nikajikuta naliangalia lile kopo la Bwana Lisandros, na Gavana akafuata macho yangu. Desturi hiyohiyo ya Zeu inasema mgeni hamtendei mwenyeji wake ubaya, na mlango wa nyumba yake mwenyewe uko wazi kwa mwenyeji huyo na watu wake siku yoyote watakayotaka.

Akakaa tena, polepole. "Mama," akasema, kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwenye hotuba, "siku moja utanitembelea."

"Leo nina nafasi."

"Na hawa wengine?"

"Mkate ni wangu. Zeituni ni za jirani yangu, jibini la shemeji. Umekula kwa wote, baba."

Nikafungua mlango. Mtoto mdogo kuliko wote alipopita dirishani kwangu alinipungia mkono. Nilitafuta fomu ya kupunga, nikakosa, nikapunga tu. Nilifurahi, na naomba hilo lisiingizwe kwenye kumbukumbu.

Sasa ni mwezi wa nne tangu wahamie ikulu, nyumbani kwa Gavana. Mgeni haulizwi ataondoka lini. Hilo nalo ni la Zeu. Juzi Gavana aliitisha Baraza la dharura kuifuta desturi yote. Baraza hukaa ukumbi mkuu wa ikulu, na ukumbi mkuu ndimo wanamolala watoto, kwa hiyo akapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe.

"Subirini hapo nje," Bibi Melito akajibu kutoka ndani. "Watoto wamelala."

Mawaziri tisa wakakaa sakafuni, nami nyuma yao na mhuri wangu. Gavana akabaki amesimama mlangoni, viatu mkononi, akitunyamazisha tusije tukawaamsha.