Kisanduku Kisicho na Rika Kinachonikaripia Ndani ya Gari Yangu

Kwako Mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa ukoo wetu, Mzee Abednego, Butiama.

Shikamoo hupati, maana tulitahiriwa siku moja na wewe ndiye uliyelia. Pokea salamu tu, na pole ya goti.

Mwenyekiti, naleta shitaka. Unaijua pikapu yangu kuukuu ya dizeli, ile yenye turbo inayovuma kama nyuki. Mjukuu wangu Ephraim, fundi redio wa pale Bunda, ameitengenezea akili kwa mikono yake mwenyewe. Ni kisanduku cha plastiki kilichokuwaga cha sabuni. Ndani kuna nyaya na taa nyekundu, na kazi yake ni kupima joto la injini na kuibana turbo isiungue. Mpaka hapo sina neno. Neno ni kwamba kisanduku kinaongea, na sauti ni ya mke wangu Pelagia. Aliombwa aazime sauti, hakuwa mchoyo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kinadakia maneno ya wazee. Jumapili nilikupakia wewe na mzee mwenzetu Maige twende Musoma kwenye posa ya mjukuu wake. Mlimani nikakanyaga mafuta, huku nawaeleza habari za heshima ya mwanaume nyumbani kwake. Kikadakia: "Baba Hyasinta, toa huo mguu, unaua gari!" Wewe ulicheka mpaka meno ya kununua yakadondoka. Sijasahau.

2. Nikizima gari, haizimiki. Ephraim anasema lazima turbo ipoe kwanza, kwa hiyo natoa ufunguo na injini inaendelea kunguruma yenyewe. Kwenye mazishi kule Buhare padri alinyamaza, watu wote wakageukia gari isiyo na mtu. Nikainua ufunguo juu waone sina kosa. Mjane akapiga yowe kwamba marehemu anaomba lifti.

3. Ikipata joto, kinaipunguzia nguvu bila kuniuliza. Barabara ya Bunda nimepitwa na bodaboda iliyobeba kitanda, na juu ya kitanda mama mmoja anatafuna muwa. Akanipungia mkono.

4. Kwa mila yetu, anayedakia wazee huwaga anatozwa mbuzi. Sasa kisanduku hakina zizi. Mwenye gari ni mimi. Kwa hiyo nikaripiwe mimi, mbuzi nitoe mimi, na kwa kuwa ni upande wa mkosaji, nyama nisionje. Haki gani hiyo?

Naomba baraza liamue. Ama king'olewe, ama, kama mnakionea huruma, kiingie jando kama vijana wengine, kipate rika, kijue nani anaanza kusalimiwa. Ngariba tunaye. Ephraim anasema cha kukata ni waya mmoja tu, ule mwekundu. Nina hakika hakitalia, tofauti na mtu fulani ninayemjua. Lakini kwenye ile gari hatukai wakubwa wawili: ama mimi, ama chenyewe.

Wasalimie wazee wote, na kuku wako yule anayetagia chini ya kiti cha uenyekiti, maana ndiye pekee hapo anayefanya kazi.

Mimi mwenye gari, angalau kwenye kadi,
Stanislausi Magige

Nyongeza: Barua nilishaifunga, nimeifungua tena. Pelagia amekwenda Murangi kumwuguza dada yake, na hajasema anarudi lini. Hapa nyumbani hakuna anayenikataza kitu. Jana nimekula kiporo peke yangu, nikaingia kwenye gari, nikakanyaga mafuta papo hapo uani, imesimama, mpaka ikapata joto. "Baba Hyasinta, toa huo mguu, unaua gari!" Nikautoa. Ikapoa. Nikakanyaga tena.

Kwa hiyo shitaka lifute, na huyo ngariba asisogelee gari yangu. Mbuzi natoa mwenyewe, mje mle. Ila ukimwona Ephraim mwambie, Pelagia akirudi, amwombe sauti kidogo tena. Kisanduku kinajua kukaripia tu. Akiongezee na "njoo ule."