Kobe wa Mzee Masalu

Method wa Bariadi alikuwa amebakiza mitamba wawili kumaliza mahari ya Flora. Siku aliyomkuta kobe akivuka barabara karibu na Lagangabilili, aliwaona mitamba hao waziwazi juu ya gamba. Alishuka kwenye pikipiki, akamtia kobe kwenye kiroba, akavaa fulana ya kijani aliyogawiwa kwenye semina ya kupanda miti. Kuanzia hapo akawa mtaalamu wa uhifadhi. Nchi hii haijawahi kupungukiwa wataalamu.

Akaelekea Bukundi kwa Mzee Masalu, mwenye ng'ombe wengi kuliko wapigakura wa kitongoji chake.

"Mwadila, baba," alimwamkia kwa Kisukuma. "Hii ni mbegu ya kobe wakubwa wa visiwani. Wanafika uzito wa fahali. Kule wanajitembelea porini, na wazungu wanapanda ndege kwenda kuwaona. Sasa wanatoweka duniani, ndiyo maana tunawagawa kwa wafugaji wachache wenye akili."

Mzee alimgeuza kobe, akamkagua tumbo. "Atakuwa mkubwa lini?"

"Miaka themanini."

"Si haba. Jike?"

"Jike tupu."

Mitamba wawili wakatolewa bomani.

"Haya, mchukue," alisema mzee.

"Nani?"

"Kobe. Mimi siweki mifugo yote boma moja, ugonjwa ukija nitabaki na fimbo. Utanichungia wewe mtaalamu. Akitoa maziwa, kunywa. Akifa, niletee ngozi."

Jirani, Maige, akaitwa ashuhudie, kama ilivyo desturi mtu anapokabidhiwa mfugo wa mwenzake. Method nusura acheke. Kuuza kobe na kuondoka naye, hata Dar es Salaam hawajafika huko.

Mitamba aliwafikisha Mwamapalala kwa baba yake Flora. Kobe, ambaye sasa hakuwa na kazi, alimshusha kichakani njiani na kumtakia safari njema.

Pamba ilipokwisha kuvunwa, Mzee Masalu alifika Bariadi na Maige, pamoja na Felisita, binti wa mdogo wake, ofisa wanyamapori. Mzee alikuwa ameshapata karipio lake kwa binti huyo kwa kununua mnyama wa porini.

"Nimekuja kuona mfugo wangu."

Method aliitazama sare ya Felisita. "Amekufa, baba."

"Pole. Ngozi?"

"Kobe ana gamba tu."

"Basi lete gamba."

"Gamba la kobe ni nyara ya serikali," alisema Felisita kwa upole. "Ukikutwa nalo, mahakamani."

"Kwa kweli hajafa. Mzima kabisa."

"Yuko ndani? Kibali cha kumfuga unacho?"

Method akafuta jasho. Kwa mara ya kwanza tangu avae ile fulana, akasema kweli. "Nilimwachia porini."

Felisita akampa mkono. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Serikali inakushukuru."

"Mimi simshukuru," alisema mzee. "Mfugo wa mtu hauachiwi porini. Maige, mfugo ukipotea analipa nani?"

"Aliyekabidhiwa."

"Nasikia wale mitamba wako Mwamapalala. Alama ya masikio yao naijua. Kesho nawafuata."

Method aliumia kweli. Alikuwa amedanganya watu wengi kuhusu mambo mengi, lakini kumpenda Flora, alimpenda bila hila yoyote. Akamvuta Felisita pembeni.

"Dada, hiyo shukrani ya serikali, naweza kuipata kwa maandishi? Nikamwonyeshe baba mkwe."

"Barua tunatoa," alisema Felisita, akitafuta kalamu. "Ng'ombe ndio hatuna."