Intaneti kwa Simu ya Dada

Jumamosi, 3 Machi 2007. Nachingwea.

Nimepata kompyuta. Siyo ya mezani kama ya Nuhu, inayomaliza nusu ya duka lake na kuvuma kama mashine ya kusaga. Yangu inakaa kiganjani. Nimeachiwa na mtafiti wa korosho niliyekuwa nambebea mizigo. Amemaliza mkataba, kaondoka. Ina chaja yake na kikalamu cha plastiki cha kugusia kioo. Nimeandika jina langu, Hemedy. Yenyewe ikasoma Hewedu. Tutazoeana.

Kabla hajapanda gari, mtafiti alinieleza kwamba kifaa hiki kinafungua intaneti, ila hakina laini. Lazima kisaidiwe na simu. Vyote viwili vina kijioo cheusi pembeni. Unaviweka vitazamane, simu inavuta mtandao, kompyuta inaonyesha. Nikamwambia nimeelewa. Akanieleza tena. Sikupenda.

Nachingwea hakuna intaneti. Anayetaka kitu huko humwagiza Nuhu wa steshenari, naye akienda Lindi kununua karatasi anarudi nacho kimechapwa, anatembea mjini kama katibu tawala. Atembee tu. Zimebaki siku chache.

Jumapili, 4 Machi

Simu yangu haina kijioo cheusi. Ina tochi.

Yenye kijioo ni ya dada Mwanawetu. Alinunuliwa na mumewe, shemeji Kaimu, aliyeko kazini Mtwara. Nimemwomba dada aniazime. Akasema simu ile ni ya kusikia sauti ya mumewe, siyo ya majaribio. Nikamweleza habari za maendeleo. Akauliza banda la kuku nitalitengeneza lini. Nimetengeneza banda la kuku. Nimepewa simu, kwa sharti kwamba isitoke machoni pake.

Alasiri nikapita kwa Bi Kulthumu, kwa bahati tu, nikiwa nimevaa shati la Idi. Binti yake Rukaiya ameomba chuo cha uuguzi, na redio imetangaza kwamba majina ya waliochaguliwa yako kwenye intaneti. Nuhu kaahidi kuyaleta Ijumaa akitoka Lindi. Nikasema Ijumaa ni mbali mno. Nikatoa kompyuta mfukoni, taratibu. Bi Kulthumu akauliza kama ni ya kupigia hesabu.

Rukaiya hakucheka. Aliinama akaitazama vizuri, akasema kama naweza kweli atashukuru sana, kwa sababu ukichaguliwa usiporipoti kwa tarehe yao, nafasi wanampa mwingine. Mwaka jana alikosa. Mwaka huu ndiyo mara ya mwisho mama yake kukubali aombe.

Nikamwambia kesho atakuwa nayo. Sijui kwa nini nilisema kesho.

Jumatatu, 5 Machi

Siku ya balaa. Nimeweka kigoda kibarazani, simu huku, kompyuta huku, vijioo vinatazamana. Vinataka utulivu kama maharusi. Kuku akipita katikati, mawasiliano yanakatika. Dada akitingisha kigoda, yanakatika. Nikipiga chafya, yanakatika.

Nimepiga huduma kwa wateja. Binti mwenye sauti nzuri akaniuliza simu ni ya aina gani, nikamwambia ni ya dada. Akaniwekea muziki.

Baada ya adhuhuri mstari wa buluu ukaanza kutambaa chini ya kioo. Ukafika katikati. Sikupumua. Simu ikaita: shemeji Kaimu, anauliza tumeshindaje. Mstari ukafutika. Dada akaongea naye mpaka chai ikapoa. Nikaanza upya. Mstari ukafika katikati, shemeji akapiga tena. Alisahau kuuliza habari za mtoto.

Wanaume wengine husafiri wakanyamaza. Huyu hapana.

Jumanne, 6 Machi

Rukaiya kaja mwenyewe kuuliza. Nikamwambia intaneti iko njiani. Kwa bahati mbaya Nuhu alikuwa anapita, akasimama, akasema hata yeye akiwa mtoto alikuwa na gari la bati lililokuwa njiani kwenda Dar es Salaam. Rukaiya aliziba mdomo kwa mtandio. Nilimwona mabega yakitikisika.

Kipriani, dereva wa pikapu, ndiye aliyenisaidia. Anasema mtandao wa hapa ni wa kuongea tu. Ruangwa, pale stendi ya mabasi, amewaona watu wa halmashauri wakifungua barua zao kwenye simu. Basi ni Ruangwa.

Nikamwambia dada kwamba nikishaleta jina la Rukaiya, Bi Kulthumu hatakuwa na cha kuninyima. Dada alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Akichaguliwa ataondoka, Hemedy. Hilo umelifikiria?"

Sikuwa nimelifikiria.

Jumatano, 7 Machi

Nimelifikiria siku nzima. Nina mpango mpya, ulio bora kuliko ule.

Nitaiona orodha mimi kwanza. Jina lake likikosekana, nitamwambia kwa upole na nitakuwa karibu naye. Likiwepo, nitasema intaneti imegoma, na itaendelea kugoma mpaka tarehe ipite. Atalia kidogo. Nitakuwa karibu naye pia. Kwa vyovyote vile mimi niko karibu. Siyo ubaya, ni kupanga mambo.

Tatizo lilikuwa Nuhu na Lindi yake. Lakini mvua imenyesha tangu alfajiri, na Kipriani anasema barabara ya Lindi imekatika, mabasi yamelala. Kwa hiyo katika wilaya hii yote, anayeweza kujua habari za Rukaiya ni mimi peke yangu. Nimelala mchana vizuri sana.

Alhamisi, 8 Machi. Ruangwa.

Sijui nianzie wapi.

Tumekuja na pikapu ya Kipriani. Dada naye kaja, kwa sababu simu yake haisafiri peke yake. Tope mpaka magotini, nimesukuma gari mara nyingi, dada amekaa mbele.

Pale stendi tukakaa kwa Goreti, muuza chai. Nikaviegemeza vifaa kwenye vikombe viwili, vikatazamana. Dada akaenda sokoni baada ya kumwachia Goreti kazi ya kuilinda simu. Shemeji hakupiga. Mstari wa buluu ukatambaa, ukapita katikati, ukafika mwisho. Maandishi yakatokea, madogo kama chawa. Nikayashusha kwa kikalamu, jina baada ya jina.

Lipo. Rukaiya. Majina yote matatu, chuo cha uuguzi kule Bukoba, mwisho wa kuripoti Jumatano ijayo. Bukoba! Ukitoka huku, mbele ya Bukoba kuna ziwa tu.

Nikazima kioo. Nilikuwa imara. Dada aliporudi nikamwambia imegoma. Akachukua simu yake, akaifuta kwa kanga. Nikanywa chai. Mpango wote ulikuwa unakwenda sawasawa.

Ndipo Nuhu akaingia. Alijaribu kwenda Lindi kwa kupitia huku, basi lake likakwama, karudi kwa miguu, suruali imejaa tope. Nilimfurahia kwa hali hiyo. Lakini akavuta benchi, akaiona kompyuta yangu, akauliza mbele ya wateja wote kama mgonjwa ameamka. Akawaeleza watu kwamba natembea na kikokotoo nikimdanganya binti wa watu. Kondakta mmoja alicheka mpaka akamwaga chai. Goreti naye akacheka, akasema hata dada nimemwambia imegoma, na mimi ndiye niliyekuwa nakula maandazi yake.

Nikasema imefunguka.

Nuhu akasema nionyeshe. Nikawasha kioo, nikakificha kwa mkono, nikamwonyesha kichwa cha habari tu. Akasema hiyo ni picha, imekuja na kifaa kutoka kiwandani. Picha! Siku nne za taabu, banda la kuku, tope, shemeji, halafu picha! Nikasimama juu ya benchi. Nikasoma kwa sauti: Rukaiya, majina yote matatu, uuguzi, Bukoba, Jumatano ya tarehe kumi na nne.

Stendi nzima ikapiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi. Nilifurahi, naapa, mpaka niliposhuka nikamwona dada.

Ameshachukua simu yake, amekaa mbele kwenye pikapu, kanipa mgongo.

Ijumaa, 9 Machi

Nilidhani nitafika wa kwanza. Nuhu alikuwa ameshafika. Bi Kulthumu alikuwa analia na kupiga vigelegele kwa zamu, majirani wamejaa uani. Akanikumbatia, akaniita mwanangu. Kwa muda mfupi nikaona kama mpango wa kwanza bado unafaa.

Rukaiya akanisindikiza hadi njiani. Akaniuliza Nuhu alinikuta nikifanya nini. Nikasema nakunywa chai.

"Anasema ulikuwa umeizima, na ulikuwa umemwambia dada yako kwamba imegoma. Ulikuwa unaniletea, kaka Hemedy, au hukuwa unaniletea?"

Nikasema ilikuwa betri.

Aliniangalia kama mtu anayepima joto la mgonjwa. Huyu atakuwa muuguzi mkali. Kisha akasema sanduku lake la bati liko kwa fundi, bawaba imevunjika, na barabara imefunguka, kesho alfajiri anaondoka, kwa hiyo nikalifuate. Nimelifuata. Lilikuwa zito hata likiwa tupu.

Jumamosi, 10 Machi. Ruangwa tena.

Nimebeba sanduku mpaka stendi, sasa likiwa limejaa. Nuhu kabeba mkoba mdogo na mwavuli. Ndivyo dunia ilivyo.

Bi Kulthumu hakuweza kuja, magoti. Kwa hiyo tulikuwa sisi wawili tu wa kumuaga, mimi na Nuhu, tumesimama kila mmoja upande wake kama nguzo za goli. Rukaiya alikuwa amevaa viatu vipya vinavyombana. Alikuwa na hofu. Sikuwahi kumwona na hofu. Aliuliza Bukoba kuna baridi kiasi gani, na Nuhu, ambaye kila kitu anakijua, hakujua.

Basi lilipowashwa aliniita dirishani.

"Ulisoma jina langu mbele ya watu. Hilo nitalikumbuka. Na lile lingine nitalikumbuka pia."

Basi likaondoka kwenda Dar es Salaam. Nilitaka kukaa peke yangu, nikaenda kwa Goreti. Nuhu naye alitaka kukaa peke yake, akaja kwa Goreti. Tulikunywa chai, kila mmoja anatazama kikombe chake. Goreti akatuuliza nani kafa.

Jumapili, 11 Machi. Nachingwea.

Dada amechukua simu yake. Anailalia. Amesema nikiigusa atamweleza shemeji kila kitu, na shemeji ataeleza Mtwara nzima. Nimeapa mbele yake kwamba habari za intaneti nimeziacha. Nimeapa kwa dhati.

Mchana Kipriani kaja na Fidelis, mwenyekiti wa chama cha wakulima cha Mbwemkuru. Sifa za stendi zimefika hadi huko! Fidelis ananiita mtaalamu. Ghala lao linavuja, wana mabati mapya, wanataka kuezua ya zamani yote kwa pamoja, ila ndani kuna mbegu za mahindi za wanachama. Anaomba niangalie kwenye intaneti mvua itakata lini. Alivua kofia akiniomba.

Simu sina. Lakini mtu kakuvulia kofia, utamwambia nini? Nikaingia chumbani na kompyuta yangu, nikakaa kitandani kwa muda wa kutosha, nikagusagusa na kikalamu ili wasikie. Nikachungulia dirishani. Mbingu ilikuwa nyeupe upande wote ninaouona. Nikatoka, nikamwambia intaneti inasema hakuna mvua mpaka Ijumaa.

Ameondoka na furaha. Wanaezua leo leo, kabla ya jua kuzama, ili kesho waanze kupigilia. Wameahidi kunialika kwenye ufunguzi, kiti cha mbele.

Naingia ndani kumalizia. Hapa kibarazani karatasi inalowa.