Kilimia na Mlingoti wa Babu

Jumatatu, 17 Novemba

Darubini kubwa ya chama iko chumbani kwangu! Ya macho mawili, kilo tano na nusu. Nimeileta kwenye kapu la baiskeli, imevaa skafu yangu. Mimi nimeganda shingo. Si kitu.

Bi Gudrun, mwenyekiti wetu wa chama cha nyota, ametoa sharti mbele ya wote. Jumamosi saa kumi na moja jioni anakuja kwetu. Mwanachama kijana atakayemsimamishia Kilimia, kile kishada cha nyota, ndani ya darubini bila kutikisika, mpaka ahesabu ishirini, atakaa na darubini majira yote ya baridi. Vijana tuko wawili: mimi na Asger.

Asger ana stendi ya miguu mitatu, mpya, ya dukani. Hahitaji mazoezi, anasema. Akaniambia, "Pole mapema, Ellinor." Nikajibu: asante. Jibu kali limenijia sasa hivi, saa tano baadaye, nikiwa na soksi moja mguuni.

Jumanne, 18 Novemba

Nimejaribu kwa mikono. Nyota zinaruka kama bisi kwenye sufuria. Nimejaribu meza ya kupigia pasi. Imekunja miguu ghafla. Nimeidaka darubini kwa tumbo. Mama akatokea, akauliza kwa nini nimelala kwenye majani na meza iko juu yangu. Nimesema napumzika.

Jumatano, 19 Novemba

Maktaba! Kitabu kinasema: chukua mbao mbili ndefu, zilaze sambamba, ziunge kwa bolti ziweze kupanda na kushuka. Darubini upande huu, uzito upande ule. Mkono huo wa mbao unaelea wenyewe. Uzito ninao: ndoo ya viazi.

Lakini mkono uufunge kwenye nini? Nimekaa dirishani nikiwaza. Mbele yangu, bustanini, mlingoti wa bendera wa Babu. Mita nane! Shina lake limefungwa kwa bolti mbili kwenye zege alilomwaga mwenyewe. Hakuna anayeugusa ila siku za kuzaliwa. Nimecheka peke yangu.

Usiku, dosari moja. Upepo wa kisiwa chetu, Møn, unaichapa kamba ya bendera kwenye mlingoti, ta-ta-ta, na kila pigo Kilimia inashtuka. Nimeikata kamba. Ni kamba tu. Nitaiunga.

Alhamisi, 20 Novemba

IMESIMAMA! Kilimia yote, buluu, kimya, kila nyota mahali pake. Nimehesabu ishirini, kisha sitini, kisha nimesahau kuhesabu. Nimeubusu mlingoti. Midomo imenata kidogo kwa baridi.

Ijumaa, 21 Novemba

Kesho Babu Egon anatimiza miaka sabini na mitano. Nyonga yake mbovu, kwa hiyo bendera amenikabidhi mimi. Mara tatu amenikumbusha: ipande saa mbili asubuhi, ishuke kabla ya jua kuzama, isiguse ardhi. Nimesema najua, Babu. Nimeunga kamba. Fundo zuri, kubwa kama ngumi. Halitafunguka kamwe.

Jumamosi, 22 Novemba

Halikufunguka.

Saa mbili kamili nimevuta kamba. Bendera imepanda vizuri mpaka katikati. Hapo fundo langu likaingia kwenye kapi la juu, kigurudumu cha kamba, na kukwama. Haipandi, haishuki. Bendera nusu mlingoti. Kwetu hapa maana yake ni moja tu: nyumba hii kuna maiti.

Saa mbili na nusu hodi mlangoni. Jirani Tove, nguo nyeusi, maua meupe. Amenikumbatia. Amesema Babu alikuwa mtu mwema, ingawa ile mashine ya kukatia ua wa miti hakuirudisha. Nyuma yake majirani wengine watano, vichwa chini. Nilitaka kueleza.

Babu akatokea na povu la kunyolea kidevuni. Akauliza nani amekufa.

Tove akasema, "Wewe!"

Babu akatazama nje, akatazama mlingoti, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Haya, ingieni. Keki ipo. Na mashine ni yangu." Wamekaa mchana kutwa.

Jua linazama kabla ya saa kumi. Bendera kulala nje ni aibu ambayo Babu asingeivumilia hata kama angekuwa amekufa kweli. Majirani wakatoa bolti ya chini, wakaulaza mlingoti, wakaitoa bendera. Wakausimamisha tena. Bolti haipo. Imepotelea kwenye majani makavu.

Saa kumi na moja kamili, Bi Gudrun. Asger alianza. Stendi yake ikainama polepole kama mzee anayesinzia kanisani. Akaikaza. Ikasinzia tena. Nimefurahi kuliko inavyopasa.

Zamu yangu. Majirani sita wameukumbatia mlingoti usianguke, mimi nikafunga mkono na ndoo ya viazi. Bi Gudrun akachungulia. Kisha kwa sauti ndogo: "Jamani, imesimama." Akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Moyo wangu juu ya paa!

Kumi na mbili, Babu akatoka na trei ya kahawa. Tove akaanza wimbo wa kuzaliwa. Wote wakafuata, bado wameukumbatia mlingoti. Kumi na saba. Kumi na nane. Wimbo ukaisha, na baada ya wimbo huja hurra tatu, kelele zetu za shangwe. Na hurra haisemwi mikono ikiwa chini.

Mikono kumi na miwili juu.

Mlingoti umeangukia ua wa Tove. Viazi vimeenda kila upande. Darubini ameidaka Asger, kwa tumbo. Nimeitambua mbinu.

Jumapili, 23 Novemba

Uamuzi wa Bi Gudrun: kumi na nane si ishirini. Darubini ikae kwa Asger mpaka Krismasi, kwa kuwa ameiokoa. Baada ya hapo ni yangu, nikipata kitu imara ambacho hakuna mtu mwingine anayekihitaji. Asger ameomba nimchoree ule mkono wa mbao. Nimejibu kitu kikali sana. Nimesema sawa.

Babu hajakasirika. Anasema hajawahi kusifiwa hivyo akiwa hai. Nimemwahidi sitakata tena kamba ya bendera. Nimeahidi kwa dhati.

Leo ibadani sikusikia mahubiri. Nilikuwa naangalia mnara wa kanisa. Mawe matupu, unene wa mita mbili, miaka mia nane haujatikisika. Una kamba moja tu, ya kengele.

Na fundo safari hii nitalifanya dogo.