Mkaguzi wa Ng'ombe na Vidonge vya Sipro

Jumatatu, 7 Julai 2025
Tumbo linaendesha tangu jana. Wiki hii hii! Jumamosi tunakwenda Mugeta kukagua ng'ombe wa mahari ya Robi, binti wa marehemu kaka yangu, na mkaguzi ni mimi. Nikishindwa, kazi anaichukua shemeji Nathanieli, mtu asiyemjua mtamba mwenye mimba hata amkanyage. Nimepata sipro, vidonge vya kuua vidudu vya tumbo, duka la dawa hapa kwetu Nyasho, Musoma; cheti cha daktari sikuulizwa. Muuzaji kasema kimoja asubuhi, kimoja jioni. Huo ni mwendo wa wasio na safari. Nameza viwili viwili.

Jumatano, 9 Julai
Tumbo limetulia. Ila nyayo zinawaka moto na vidole vya miguu vimekufa ganzi. Usingizi hakuna. Moyo unanienda mbio nikiwa nimekaa. Mke wangu Tabitha kasema niache hivyo vidonge. Nimemjibu dozi haikatishwi, hata redioni wanasema. Nimeongeza kimoja ili niimalize mapema.

Ijumaa, 11 Julai
Naogopa. Kandambili imenichomoka njiani nisijue, mpaka mama muuza dagaa akaniita. Nimeona panya wakipanda ukutani. Tabitha kasema hakuna panya. Nimemsihi asimwambie Nathanieli. Miguu ikifa, atanibeba nani? Nathanieli? Bora nitambae.

Jumamosi, 12 Julai
Aibu. Nimemkataa ng'ombe wa kwanza, nikasema anachechemea. Mzee Ngolo, baba wa bwana harusi, akanitazama, kisha akauliza kwa upole anayechechemea ni ng'ombe au mkaguzi. Nikageuka nimjibu. Magoti yakalegea, nikakaa kwenye samadi mbele ya wakwe. Nathanieli akamalizia kazi, akawapitisha wote, hata yule jike mwenye titi lililoziba. Robi alikuwa analia. Akawaambia, baba mdogo alikuwaga anatembea vizuri tu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Jumapili, 13 Julai
Hospitali, Bunda. Daktari kasema dawa hiyo wakati mwingine huharibu neva, mishipa ya fahamu, na mimi nimeimeza kama karanga. Niiache leo. Ganzi huenda ikaisha taratibu, huenda isiishe yote. Na nisinunue tena dawa bila kupimwa. Nimeapa, Tabitha shahidi. Nimetetemeka njia nzima hadi Musoma.

Jumatano, 16 Julai
Nyayo bado. Kila nikiamka naminya vidole kuona kama vipo. Nimewaza sana. Daktari kasema neva zimeumia. Kitu kilichoumia huingia vidudu, nani asiyejua? Na vidudu dawa yake inajulikana. Jirani yetu Matrida alibakiza kapsuli za rangi mbili baada ya kung'oa jino, kanigawia zote. Kiapo sijavunja, maana sikununua. Nimemeza tatu Tabitha akiwa kwaya. Sasa mikono nayo inatetemeka, nadhani zimeanza kufanya kazi.